Mhariri Aliyenyamaza: Afuatwe au Aachwe?

Fungua makala yoyote ya Wikipedia ya Kiswahili, kisha nenda kwenye historia yake. Utaona orodha ya wote waliowahi kuigusa: jina la mhariri, tarehe, saa, na idadi ya baiti alizoongeza au kupunguza. Aliyeandika aya tatu kuhusu mto wa kwao mwaka 2008 kisha asionekane tena bado yumo, na aya zake bado zinasomwa na wanafunzi wenye kazi za kukabidhi kesho asubuhi.

Kamusi elezo hii ilianza mwaka 2003. Imeshapita makala 80,000, na kwa sehemu kubwa imejengwa na watu wa kujitolea. Wengi wao waliandika kwa majuma au miezi michache, wakanyamaza. Wanaoendelea kuhariri mwezi hadi mwezi ni wachache kiasi cha kujuana kwa majina, na haohao ndio wanaosahihisha, wanaofuta matusi na wanaojibu maswali ya wageni. Kwa hiyo swali la walioondoka halinitoki kichwani. Tuwafuate?

Sauti tatu zinazofuata nimeziunda mimi, ila hoja zao ni za watu wa kazi hii. MWALIMU ni mstaafu wa sekondari na mkabidhi wa miaka mingi, yaani mhariri ambaye wenzake wamempa uwezo wa kufuta makala na kuzuia akaunti za waharibifu. MRATIBU ni dada anayeandaa warsha za uhariri vyuoni. KIJANA aliandika kwa bidii alipokuwa mwanachuo, kisha akaacha.

MRATIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nitasema wazi, na usinichukulie vibaya. Aliyeondoka ameondoka. Kila mwaka vyuo vinapokea vijana wapya kwa maelfu. Saa moja ya kumwandikia mtu aliyenyamaza tangu 2015 ningeitumia kumfundisha binti wa mwaka wa kwanza jinsi ya kuweka tanbihi, na jioni ileile angekuwa ameshaongeza kitu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ingenyooka kama hao wapya wangebaki. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Kulikuwa na zawadi za vifaa, kompyuta mpakato ikiwemo. Makala ziliingia kwa mamia. Zipo zilizokuwa nzuri mno, na hadi leo nikizisoma nafurahi. Lakini mwaka huohuo mashine ya kutafsiri ya Google ilikuwa imeongezewa Kiswahili, na Kiswahili chake cha siku zile unakikumbuka. Watu walinakili Kiingereza, wakakipitisha kwenye mashine, wakakimwaga kwetu bila hata kukisoma. Shindano likafungwa mwanzoni mwa 2010. Walioendelea walikuwa wachache mno, na usafi tukaufanya sisi.

KIJANA: Hao, Mwalimu, mimi nisingewahesabu miongoni mwa walioondoka. Walikuja kushindana, shindano likaisha, wakaenda zao. Hawakuwahi kujiona wenyeji. Mkiwaandikia leo mtapoteza wino.

MRATIBU: Na wewe ulikujaje?

KIJANA: Bila zawadi, dada. Nilitafuta kata yetu nikaikuta ina mistari miwili: jina, wilaya, mkoa, idadi ya watu. Nikaongeza shule, nikaongeza zahanati, nikaongeza mto unaokata barabara wakati wa masika. Nilipoona maneno yangu yametokea pale, usiku ule sikulala mapema. Nikaandika kata ya pili, ya tatu. Halafu nikaandika makala ndefu kuhusu ngoma ya kwetu, jinsi inavyochezwa na nani anaruhusiwa kuianzisha. Ikafutwa.

MWALIMU: Kwa sababu gani?

KIJANA: Haikuwa na vyanzo. Chanzo changu kilikuwa bibi.

Hapa nawasimamisha kidogo, maana tumefika mahali penye uzito. Wikipedia inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa ambacho msomaji mwingine anaweza kukifikia. Kwa lugha zenye maktaba kubwa, hilo ni sharti la kawaida. Kwa mambo yetu mengi, ngoma, matambiko, majina ya vilima, asili ya koo, anayejua ni mtu aliye hai, na kitabu hakijaandikwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza jaribio la kurekodi maelezo ya watu vijijini, India na Afrika Kusini, kisha rekodi hizo zitumike kama vyanzo. Wahariri wa Wikipedia walibishana sana juu yake, na hadi leo kanuni ya jumla haijabadilika. Mhariri wa Kiswahili anayetaka kuandika utamaduni wa kwao hugonga ukuta huu mapema sana, mara nyingi kwenye makala ile aliyoipenda kuliko zote.

MWALIMU: Mimi naitetea kanuni hiyo, na sitaomba radhi. Bibi yako anaweza kuwa anajua kuliko chuo kizima, lakini msomaji wa Kigoma hawezi kumfungua akamsoma. Tukiacha mlango huo wazi, kesho atakuja mwenye kuandika kwamba babu yake alikuwa mfalme wa nchi tatu, na chanzo chake ni babu.

KIJANA: Sibishi kufutwa, Mwalimu. Nilichokipata baada ya kufutwa ndicho kilichonikalisha chini. Kwenye ukurasa wangu wa majadiliano niliwekewa kigezo, yale maneno yaliyokwisha kuandaliwa ambayo yanapachikwa kwa kila mtu. Kilikuwa cha adabu kabisa. Ila hakuna aliyesema hata sentensi moja kuhusu ngoma yenyewe. Hakuna aliyeniuliza kama ipo picha, kama kuna tasnifu iliyoitaja, kama sehemu yake inaweza kuingia kwenye makala ya kabila. Nilikaa siku kadhaa nikitazama kile kigezo. Halafu mitihani ikaja, na baada ya mitihani sikuona sababu ya kurudi.

MRATIBU: Kigezo kinaokoa muda. Mwalimu akiandika barua kwa kila makala inayofutwa, atalala saa ngapi?

Swali la Mratibu lina haki yake, na sehemu ya jibu lake ipo tayari kwa Wikipedia kubwa kuliko yetu. Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele chake mwaka 2007, ikiwa na wahariri hai zaidi ya 50,000. Mhariri hai, kwa hesabu yao, ni yule anayehariri angalau mara tano kwa mwezi. Kufika 2013 walikuwa wamebaki kama 31,000. Mwaka huo Aaron Halfaker na wenzake watatu walichapisha uchunguzi wao wa chanzo cha kupungua huko. Wageni hawakuwa wamezidi kuwa wabaya. Walikuwa na nia njema kama wale wa miaka ya nyuma, lakini maandishi yao yalikataliwa zaidi, mara nyingi kwa zana za kompyuta zilizobuniwa kupambana na waharibifu, na onyo walilopata lilikuwa la kigezo. Aliyekataliwa hivyo mwanzoni hakukaa. Jamii ile ilijijengea ulinzi mkali dhidi ya wahuni, na ulinzi huohuo ukawafukuza waliokuja kwa mikono safi.

Nalitaja hilo kwa sababu jamii ndogo hupenda kuiga vigezo na kanuni za kubwa. Kiingereza chenye makumi ya maelfu kilipoteza theluthi moja na zaidi, na kikaendelea kusimama. Sisi tukipoteza watu watano wanaohariri kila wiki, kuna mikoa mizima ambayo haitaguswa kwa mwaka.

MRATIBU: Sawa, lakini msiwaweke wote kwenye kapu la waliokasirika. Wengine hawakuacha, walizuiwa. Naandaa warsha, ukumbi una watu ishirini, wote wanatumia intaneti ya chuo. Akaunti sita zinafunguka. Wa saba anaambiwa haiwezekani, kwa sababu programu inaruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya IP. Nilipojifunza kwamba mwandaaji anaweza kuomba sharti hilo liondolewe mapema, watu wengi walikuwa wameshakwenda nyumbani wakidhani wao ndio wenye kosa. Na wanaotumia simu je? Mtandao wa simu unawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Mharibifu mmoja, asiyejulikana hata yuko wapi, akizuiwa kwa anwani ile, kijana wa watu anabonyeza Hariri anakuta tangazo jekundu kwamba amezuiwa. Hajawahi kuandika neno moja baya. Atajuaje kwamba anaweza kuomba zuio lile lisimhusu? Tangazo lenyewe mara nyingi ni la Kiingereza.

MWALIMU: Hilo nakuunga mkono. Na hao ndio wa kufuatwa kwanza, maana kwao hatuombi fadhila. Wao ndio wanaotudai kusikilizwa.

KIJANA: Na bando, Mwalimu. Msilisahau bando. Chuoni tulikuwa na intaneti ya bure. Nilipomaliza, kila picha niliyotaka kupakia niliipigia hesabu.

MWALIMU: Kwenye bando naingiwa na wasiwasi. Tukianza kulipa, tutarudi kulekule kwenye shindano.

MRATIBU: Samahani, Mwalimu, hapo sikubali. Zawadi unampa mtu akishamaliza kazi, ili aitamani. Bando ni jembe. Huwezi kumwita mtu shambani umwambie alete jembe lake, wakati ruzuku za kununulia majembe Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, inazitoa kila mwaka.

Katika hili nipo upande wa Mratibu moja kwa moja. Kazi ya kujitolea haimaanishi mjitoleaji agharimie pia njia ya kufika kazini. Ila bando peke yake limeshaonyesha mpaka wake: wapo waliopewa wakati wa warsha, na siku lilipokwisha nao wakakoma. Linamwezesha anayetaka. Asiyetaka linampa siku chache za kutazama video.

Sasa tuje kwenye namna ya kuita.

MWALIMU: Mimi ningeandika tangazo moja, lipelekwe kwenye kurasa za majadiliano za wote walionyamaza kwa mwaka mmoja na zaidi. «Tumewakumbuka, karibuni tena.» Kwa upole.

KIJANA: Nisingelisoma. Kwanza, ukurasa wa majadiliano naufungua vipi na mimi siingii? Labda kama niliweka barua pepe kwenye akaunti, arifa itanifikia. Pili, hata likinifikia, mmemkumbuka nani? Tangazo la watu mia tatu halimkumbuki mtu.

MRATIBU: Lakini shukrani zinafanya kazi, hilo limepimwa. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walitoa matokeo yao: waliwachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wahariri wachapakazi zaidi wa Wikipedia ya Kiingereza wakawapa nyota ya heshima, picha tu ya kwenye ukurasa, isiyo na fedha. Kazi yao ikapanda kwa asilimia 60 kuliko ya wale ambao hawakupewa. Na Jana Gallus alifanya jambo kama hilo kwa wageni wa Wikipedia ya Kijerumani. Waliotunukiwa walibaki kwa asilimia 20 zaidi mwezi uliofuata, na tofauti ikaendelea kuonekana kwa mwaka mzima.

KIJANA: Vizuri, dada. Wote hao walikuwa bado wapo, au ndiyo kwanza wameingia. Mimi sikuwepo. Ukinipa nyota leo kwa kazi ya 2016 nitashukuru, nitafunga simu, nitaendelea na shughuli zangu.

Naona Kijana amegusa penyewe. Kumzuia mtu asiondoke na kumrudisha aliyeondoka ni kazi mbili, na tumezoea kutumia dawa ya kwanza kwa ugonjwa wa pili. Aliyepo anahitaji kuonekana. Aliyeondoka ameshaijaza nafasi ile kwa kazi, ndoa, watoto na safari za daladala, kwa hiyo anahitaji jambo mahususi la kumfanya afungue ukurasa leo badala ya kesho. Jambo hilo liko kwenye historia ya makala zake, wala halihitaji ubunifu mkubwa. Nampa Mwalimu nafasi ajaribu tena.

MWALIMU: Basi nikuandikie hivi. «Habari za siku nyingi. Makala ya kata yenu uliyoikuza bado inasomwa. Idadi ya watu iliyomo ni ya sensa ya 2012, na matokeo ya 2022 yameshatoka. Pia umetaja zahanati; je, bado ni zahanati au imekuwa kituo cha afya? Wewe unaijua, mimi sijawahi kufika.»

KIJANA: Hiyo ningeijibu siku hiyohiyo.

MRATIBU: Kwa nini?

KIJANA: Kwa sababu zahanati imekuwa kituo cha afya, na inaniuma kuona imeandikwa vingine.

Tuitazame barua ile kwa karibu. Haikuuliza alikuwa wapi. Haikusema jamii inamhitaji. Imemwonyesha kwamba kuna mtu amesoma, imemtajia pengo moja analoweza kuliziba kwa simu ndani ya dakika tano, na imeuliza swali ambalo jibu lake analo yeye. Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022. Kila kata imebadilika, na kila makala ya kata inayobeba namba ya zamani ni sababu halali ya kumwandikia aliyeianzisha. Zipo sababu nyingine za namna hiyo: mbunge aliyemaliza muda wake, wilaya iliyogawanywa, mwanamuziki aliyefariki, timu iliyopanda daraja. Habari za nchi hazitulii, na wanaojua mabadiliko ya mahali ni wenyeji wa mahali.

MRATIBU: Nakubali ni barua nzuri. Nani ataandika mia tatu za namna hiyo?

MWALIMU: Si mia tatu. Toa waliokuja kwa shindano, kama alivyosema Kijana. Toa waliohariri mara moja au mbili. Toa waharibifu. Toa waliotangulia mbele ya haki, na hao tuwataje kwa heshima, maana tunao. Watabaki waliofanya kazi kweli, na mtu akiandika barua mbili kila Jumamosi ataimaliza orodha.

MRATIBU: Na asiyejibu?

MWALIMU: Barua moja inatosha. Wapo walioondoka kwa sababu njema: mama ana mtoto mchanga, mwingine amehamia Muscat anafanya kazi ya zamu. Hatuwadai kitu. Hata sisi wakabidhi tuna utaratibu: asiyefanya lolote kwa miaka miwili huandikiwa, na akikaa kimya huondolewa zana za ukabidhi, maana akaunti iliyolala ikiibwa inaweza kuleta hasara kubwa. Akirudi, anahariri kama kawaida, na ukabidhi anaweza kuuomba upya.

KIJANA: Hapo kuna aibu, Mwalimu, na wakubwa hamuizungumzii. Mtu aliyekuwa na cheo anaona tabu kurudi kama mgeni. Hata mimi nisiye na cheo niliona aibu. Kila mwaka uliopita uliifanya iwe nzito zaidi, mpaka nikaona heri nisirudi kabisa kuliko kuja kuulizwa nilipotelea wapi.

MWALIMU: Ukirudi, hakuna atakayekuuliza.

KIJANA: Wapo watakaouliza. Kwa upendo, lakini watauliza.

Hili la aibu ningelipa uzito kuliko bando na kuliko nyota. Mahali pa kazi kuna likizo, na mtu hurudi kwa tarehe inayojulikana. Jumuiya ya kujitolea haina likizo rasmi, kwa hiyo kila kupumzika kunafanana na kutoroka. Ningependa kila warsha imwambie mgeni siku ya kwanza kwamba atapumzika, kwamba wote hupumzika, na kwamba akirejea baada ya miaka minne ataendelea pale alipoishia bila maelezo. Likisemwa mapema, kabla mtu hajaondoka, litamfaa siku akitaka kurudi.

MRATIBU: Haya, nitajaribu. Kwenye mpango wangu wa mwaka nitatenga fungu la watu kumi walionyamaza: bando la miezi mitatu, na kila mmoja awe na mtu wa kumjibu ndani ya siku moja. Wasiporudi hata wawili, fedha zinarudi kwa wapya.

MWALIMU: Wawili wakirudi wakahariri kila mwezi, umeongeza watu wengi kwa ukubwa wetu. Na wewe, mwanangu, kuhusu ile ngoma: makala ikifutwa inabaki kwenye kumbukumbu, sisi wakabidhi tunaweza kuiona. Nitaihamishia kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, uifanyie kazi taratibu, pale haimsumbui mtu. Kanuni ya vyanzo iko palepale.

KIJANA: Nitatafuta. Kuna mtu alisomea shahada ya uzamili akaandika kuhusu ngoma za mkoa wetu. Ila kuna tatizo, Mwalimu. Nenosiri nimelisahau.

MRATIBU: Uliweka barua pepe?

KIJANA: Ile ya chuo. Waliifunga nilipohitimu.

MRATIBU: Basi haitarejeshwa kwa njia hiyo. Fungua akaunti mpya, na kwenye ukurasa wako uandike kwamba ile ya zamani ilikuwa yako. Inaruhusiwa. Mwalimu ataileta makala huko. Na safari hii weka barua pepe yako mwenyewe.